Ufa Juu ya Pango

Palikuwa na nchi moja, na ukihisi ni ya kwenu, jua umekosea, maana ya kwenu haina mambo haya. Katika nchi hiyo watu walikuwa na adabu kupita kiasi. Mkubwa alipokuwa akisema, ilikuwa mwiko kumwacha afike mwisho wa sentensi akiwa peke yake. Mdogo alitakiwa amlaki njiani, maneno yangali mabichi, kwa neno moja tu: "Ndivyo." Aliyesubiri mpaka mkubwa amalize ndipo aitike alionekana mtu wa kupima maneno ya watu, na anayepima maneno leo, kesho atataka kupima na mambo mengine. Chuo cha Utumishi kilikuwa na somo zima la kuitika. Mkufunzi alifungua kinywa, darasa likaitika, na aliyechelewa akarudia mwaka.

Faida ya mtindo huo ilionekana wazi. Mikutano ilikwisha mapema, ubishi haukuwepo, na kila uamuzi ulipita kwa kauli moja, hata ule ambao mwenyewe alikuwa hajamaliza kuutamka. Wageni walishangazwa na umoja wa nchi ile. Walishangazwa pia na madaraja yake, yaliyoishia katikati ya mto, lakini hayo ni mambo ya kiufundi.

Humo aliishi Dakta Yakubu Lukindo, Mhifadhi Mkuu wa Mambo ya Kale. Hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, kwa sababu huko mbele litakuwa gumu kusemeka. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeomba radhi, na ndiye raia pekee aliyepata shahada ya uzamivu kwa kuandika juu ya mfereji usiozidi upana wa vidole viwili. Lakini si shahada iliyompandisha cheo. Alipanda kwa sababu "Ndivyo" yake ilikuwa na kasi isiyo na mfano. Siku moja aliitika Waziri angali anapiga chafya, na mwezi uliofuata akapewa ofisi yenye zulia.

*

Mfereji wenyewe ulikuwa Mwambani.

Mwambani ni mahali pa mbali, kule mashamba ya mtama yanapokata tamaa na mawe kushika nchi. Zamani sana watawa wa mwanzo wa Budha walivuka maji, wakatembea mpaka pale, wakitafuta mahali ambapo hakuna mtu angewafuata kuwauliza habari za mjini. Walikuta majabali yaliyoinama mfano wa paa, wakaingia chini yake, wakachonga vitanda katika jiwe, wakalala. Hawakujenga kitu. Walichokifanya ni kimoja tu: juu ya mdomo wa kila pango, kwenye paji la mwamba, walichonga mfereji mwembamba kutoka ukingo huu hadi ule.

Ukiutazama kwa haraka utasema ni ufa. Kazi yake ni ndogo, nayo ndiyo yote. Maji ya mvua hutambaa juu ya uso wa jiwe. Jiwe likiinama na maji huinama nalo, yakajiingilia ndani kimyakimya. Yakifika kwenye mfereji hukatika, yakadondoka nje. Kwa sababu ya mfereji huo pango kubwa la Mwambani lilikaa kavu tangu enzi za watawa wale, na kwa sababu lilikaa kavu, picha yao ilikuwepo bado.

Picha ilichorwa kwa udongo mwekundu juu ya lipu ya udongo, ukutani, usawa wa kifua cha mtu. Safu ya watawa wameketi, kila mmoja na bakuli tupu mapajani. Wote wanatazama mbele, isipokuwa wa mwisho, aliyegeuza uso pembeni kama mtu aliyesikia anaitwa, na mdomo wake umeanza kucheka. Mchoraji alikosea sikio la huyo wa mwisho, akalifanya kubwa mno, akajaribu kulifuta kwa kidole gumba, na alama ya kidole chake ilikuwa inaonekana bado. Yakubu alipokuwa mwanafunzi alikaa mbele ya kidole hicho masika nzima. Aliwahi kulia hapo, bila sababu anayoweza kuieleza, na hakuona haya. Haya ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuja na mizigo yake.

Masika ile alilishwa na Mtawa Khema, mlinzi wa pango. Mwanamke huyo alikuwa karani wa reli kabla ya kunyoa nywele na kuvaa nguo ya rangi ya kutu, na ukarani haukumtoka. Alifagia kwa ratiba. Wanavijiji wa bondeni walimletea chakula, naye alikigawana na kijana yule wa chuo bila kumuuliza atakaa mpaka lini. Siku moja Yakubu alichukua birika, akamimina maji juu ya jiwe lililoinama, akamwonyesha yanavyotambaa, kisha akachora mkwaruzo kwa patasi, akamimina tena.

"Tazama, Mama," alisema. "Yamekatika."

"Kumbe," akasema Mtawa Khema. Alikuwa amefagia chini ya mfereji ule miaka yote akidhani ni mapambo. "Basi hao watu hawakuwa wavivu kama walivyokaa kwenye picha."

*

Serikali ilikuwa haina habari na Mwambani mpaka Mtukufu, Mkuu wa Nchi, alipoalikwa ugenini. Wenyeji wake walimpeleka kwenye mapango ya kale, wakamweleza kuwa watu hutoka pande zote za dunia kuja kukaa kimya humo.

"Nanyi mnayo ya namna hii?" wakamuuliza.

Mtukufu hakuwa na desturi ya kukosa kitu. "Tunayo," akasema. "Tena yetu yana ukimya zaidi."

Alipotua nyumbani alikuta Baraza zima la Mawaziri limepanga mstari uwanjani na limekwisha sema "Ndivyo", ingawa hakuna aliyejua kwa lipi. Wiki ile ile ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kuharakisha Ukimya, chini ya Mheshimiwa Kilimba, Waziri wa Urithi, Utulivu na Maonyesho.

Mheshimiwa Kilimba alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye kucheka na watoto wa watu, na aliongoza wizara kwa methali. Ripoti hakusoma. Alisema wahenga walikwisha kutusomea. Alipokuwa Waziri wa Afya aliyaondoa barabarani magari ya wagonjwa kwa kuwa haraka haraka haina baraka, na takwimu za walalamikaji zilishuka sana, kwa sababu walalamikaji wenyewe walikuwa hawafiki.

Kamati ilichunguza ukimya wa Mwambani ikauona ni wa kienyeji mno, hauna viwango. Vikafungwa vipaza sauti juu ya majabali, viwatangazie wageni kila mara kwamba wanyamaze. Jenereta ikaletwa kuendesha vipaza sauti. Kwa kuwa jenereta ilinguruma, vipaza sauti vikaongezwa nguvu ili visikike. Ndege walihama. Kamati ikaandika kwamba kelele za ndege zimedhibitiwa.

*

Ikafika siku ya Waziri kukagua matayarisho. Alipanda Mwambani na msafara mrefu, jasho likimtiririka, akasimama mbele ya pango kubwa na kuinua fimbo yake kuelekea paji la mwamba.

"Dakta," akasema, "na huu ufa..."

"Ndivyo, Mheshimiwa," akasema Yakubu.

Neno lilitoka lenyewe, kama pumzi. Ulimi hauna mfupa, na wa Yakubu ulikuwa umesomeshwa na Serikali.

"...huu ufa ni aibu kwa Taifa," Waziri akaendelea. "Mtukufu atakuja kusimama chini ya jiwe lililopasuka? Likimwangukia? Wahenga walisema, usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta," msafara ukaitikia.

"Uzibwe. Kwa saruji nzuri. Na kwa kuwa tunaye mtaalamu wa ufa huu huu hapa, na yeye amekubali kabla yangu, sina la kuongeza."

Katika nchi ile, "Ndivyo" ya mtaalamu ilihesabiwa kuwa ushauri wa kitaalamu. Msafara ulimgeukia Yakubu, wengine wakimtazama kwa wivu, maana hawakuwahi kuona mtu akiitikia jambo zito kwa wepesi ule.

Palikuwa na nafasi pale. Haikuwa kubwa, lakini ilitosha mtu kupitisha maneno machache. Yakubu alifungua kinywa. Aliona uso wa Waziri, mwekundu kwa kupanda na kwa furaha. Akaona wenzake. Kisha, kando ya mlango wa pango, akamwona Mtawa Khema amesimama na ufagio wake, hamtazami Waziri wala fimbo, anamtazama yeye tu, anasubiri. Alikuwa anasubiri kwa utulivu wa mtu ambaye hana shaka hata kidogo.

"Saruji ya aina gani, Mheshimiwa?" akauliza Yakubu.

Baadaye, kila alipolala chali na kuangalia dari, neno lililomchoma halikuwa "Ndivyo". Lile lingeweza kusingiziwa ulimi. Lililomchoma ni hili la saruji, kwa kuwa hilo alilifikiri kwanza.

*

Mfereji ukazibwa. Ili kiraka kisionekane kiraka, kikapakwa rangi za bendera ya Taifa kutoka ukingo hadi ukingo, na askari akawekwa chini yake. Kuanzia hapo, kugusa saruji ile kwa patasi kukawa ni kuchokonoa rangi za Taifa, na kosa hilo lilikuwa na gereza lake maalumu, lenye bustani.

Mafundi walipoondoka, Yakubu alibaki nyuma. Mtawa Khema alikuwa anafagia vumbi la saruji ndani ya pango.

"Ulisema ndivyo," akasema bila kuinua kichwa.

"Mama, lilinitoka."

"Halina miguu hilo, Yakubu. Litatokaje?"

"Hukai ofisini, Mama, hujui. Ukichelewa kidogo tu..."

"Nilikaa ofisini kabla hujazaliwa. Stesheni masta akisema treni imefika na mimi naona reli tupu, nilimwambia reli tupu." Akaegemeza ufagio ukutani, mbali na picha. "Sikugombezi. Nakuuliza tu mvua zikija itakuwaje."

Yakubu alijua itakuwaje. Alikuwa ameieleza katika sura nzima ya kitabu chake, na michoro. Maji yangetambaa juu ya saruji laini, yangeinama na jiwe, yangeshuka ukutani. Lipu ile ni udongo mtupu. Udongo ukinywa maji hurudi kuwa udongo.

"Itaondoka," akasema.

"Yote?"

"Yote, Mama."

Mtawa Khema alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jiwe. Kwa mara ya kwanza Yakubu aliona kuwa amezeeka.

"Basi kalirudishe neno lako," akasema.

"'Ndivyo' hairudishwi. Sheria inasema mwenye uwezo wa kuitengua ni Mtukufu peke yake."

"Si anakuja?"

"Anakuja."

"Basi. Akifika, umwambie huo si ufa. Usimhubirie, wala usimwambie habari za shahada yako. Sema hivyo tu, na mimi nitaleta birika."

Yakubu akaahidi. Aliahidi kwa moyo wote, na alipoteremka jabali alijisikia mwepesi kama mtu aliyekwisha kutenda. Nyumbani alijizoeza mbele ya kioo: "Huo si ufa, Mtukufu." Alijizoeza bafuni. Mkewe, Bi Rukia, aliyemsikia kupitia mlangoni, alimuuliza kama kuna jambo. "Nina maneno machache ya kumwambia Mtukufu," akasema. Bi Rukia akamfungia maandazi, kama anayemfungia mtu wa safari ndefu.

*

Uzinduzi wa Ukimya ulifunguliwa kwa mizinga. Bendi ya polisi ikapiga, kwaya ya wafanyakazi wa wizara ikaimba wimbo wa beti nyingi wenye kiitikio "Tunyamaze", na Mheshimiwa Kilimba akahutubia kwa muda wa kutosha jua kubadili upande.

"Ndugu wananchi," alisema, "ukimya si jambo la kunyamazia. Nchi nyingine zinao, lakini umelala tu, hauna kazi. Sisi tumeuamsha. Tumeupatia umeme. Watawa wa kale walikaa hapa katika hali duni, bila hata choo cha kisasa, kwa sababu hawakuwa na uongozi. Leo hii, kama wangefufuka, wangeomba ajira."

Vigelegele vilipigwa. Mtawa Khema alikuwa ameketi nyuma ya kwaya, kwenye kiti cha plastiki alichopewa, birika mapajani.

Kisha Mtukufu akaingia pangoni, na Yakubu akaingia naye kama mtaalamu. Huko ndani kelele zilipungua. Mtukufu, ambaye watu walimjua kwa sanamu na noti, alikuwa mzee mfupi mwenye kuvimba miguu. Alisimama mbele ya picha. Akasogea. Akaitazama safu yote, akaishia kwa yule wa mwisho aliyegeuza uso.

"Huyu anamcheka nani?" akauliza kwa sauti ndogo, lakini aliuuliza ukuta, hivyo haikuhitaji kuitikiwa.

Walipotoka nje hakwenda jukwaani. Aligeuka, akainua uso, akaangalia mstari wa rangi za bendera juu ya mdomo wa pango. Aliuangalia muda mrefu, akikunja paji lake mwenyewe, kama mtu anayehisi kitu hakijakaa sawa na hajui ni nini. Bendi ilikuwa imepumzika. Hata jenereta ilikuwa imeishiwa mafuta. Kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, Mwambani palikuwa kimya.

"Dakta," akasema Mtukufu, "wewe ndiye unayejua mambo haya. Hapo juu palikuwa na..."

"Ndivyo, Mtukufu."

"...nini?" akamalizia Mtukufu.

Swali likabaki hewani, limekwisha kujibiwa. Kisha makofi yakaanza. Watu hawakuwa wamewahi kuona mtu akimwitikia Mkuu wa Nchi kabla ya swali, tena swali lisilo na ndiyo wala siyo. Mheshimiwa Kilimba alifuta machozi. Wakufunzi wa Chuo cha Utumishi waliokuwepo walitazamana, kwa kuwa hilo lilikuwa juu ya mtaala wao.

Mtukufu hakupiga makofi. Alimtazama Yakubu kidogo, kama mtu aliyebisha hodi akasikia mlango ukikomewa kwa ndani. Yakubu alitaka kusema. Maneno aliyojizoeza bafuni yalikuwepo yote, yamepangana vizuri, mdomoni kabisa. Lakini makofi yalikuwa mengi, na Mtukufu akageuka akaongozwa kwenye jukwaa, na juu ya jukwaa Yakubu akaitwa kwa jina, akavishwa Nishani ya Utulivu Daraja la Pili.

Alipoinamisha shingo avishwe, alimwona Mtawa Khema anainuka kwenye kiti cha plastiki. Akamwaga maji ya birika chini, akaondoka na birika tupu. Yakubu alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya pale ni jiwe.

*

Mvua hazikuchelewa. Siku moja asubuhi askari wa Mwambani alipiga simu ofisini kwa Yakubu, akasema kuna mtu anataka kuongea.

"Yameanza kuingia," sauti ya Mtawa Khema ikasema. "Yanashuka upande wa kulia. Nimetundika vitambaa lakini vinalowa upesi. Kama kuna mtu wa kuzungumza naye, zungumza naye leo." Kisha akairudisha simu kwa mwenyewe.

Yakubu alikimbia kwa Waziri. Mheshimiwa Kilimba alisikitika kwa dhati, akaitisha Kamati papo hapo, na Kamati ikakaa. Yakubu alipewa nafasi ya kwanza kusema, kwa heshima ya nishani yake. Akasimama. Aliwaona akilini watawa wale wa ukutani na mabakuli yao. Akajiambia kwamba aibu ya leo ni ndogo kuliko ya kesho.

"Waheshimiwa," akasema, "ule ufa..."

"Ndivyo," wakasema walio chini yake.

Walikuwa vijana wenye adabu. Hawakuwa na nia mbaya. Walimlaki njiani, kama walivyofundishwa, na kama yeye alivyowalaki wengine maisha yake yote. Angeweza kuendelea. Sentensi yake ilibakiza maneno mawili matatu tu. Lakini Waziri alikuwa amekwisha kutikisa kichwa kukubali, na mwandishi wa mkutano alikuwa amekwisha kuandika kwamba Dakta amethibitisha kuhusu ufa, na mwili wa Yakubu ukaketi wenyewe kwenye kiti.

Na alipoketi, Mungu amsamehe, alishukuru. Alishukuru kwamba wamemkatiza. Alihisi shukrani ile inampoza kifuani kama maji ya mtungi, na papo hapo akaijua ni kitu gani, na uso ukamshuka mpaka alishindwa kuinua macho kutoka kwenye meza.

Kamati ikaitia mvua hatiani. Ilionekana wazi kuwa imeingia bila kibali katika eneo la Taifa. Ili isirudie, ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba ujengwe ukuta wa matofali mbele ya pango, wenye picha kubwa ya Mtukufu akitafakari. Mjumbe mmoja mzee alionekana kujikuna kichwa, kama anayekumbuka kwamba wahenga walisema ukiziba ufa huhitaji ukuta, na sasa ufa umezibwa na ukuta unajengwa. Lakini alikuwa karibu kustaafu, akaacha kujikuna.

*

Yakubu alifika Mwambani mchana, mvua ikiwa imepungua. Askari alikuwa amejibanza chini ya rangi za bendera, maji yakimpita juu ya kichwa na kuingia ndani bila kumgusa. Alisimama kwa heshima, akampigia saluti.

Siku zote Yakubu alivua viatu kabla ya kuingia pango lile. Siku hiyo aliingia navyo, kwa kuwa alikuwa anakimbia.

Ukuta ulikuwa mtupu. Haukuwa mweupe wala mwekundu, ulikuwa wa rangi ya ukuta. Pembeni kabisa, palipokuwa na sikio kubwa na alama ya kidole gumba, palikuwa na doa la unyevu, nalo lilikuwa likishuka bado. Maji yalikuwa yanaichukua picha polepole na kuilaza sakafuni, na sakafu yote ya pango ilikuwa nyekundu.

Mtawa Khema alikuwa amepiga magoti na tambara. Alilifuta jiwe, akakamulia tambara ndani ya chungu, akafuta tena. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwiko. Hakuwa analia. Yakubu alitamani awe analia.

"Wamesemaje?" akauliza bila kugeuka.

"Watajenga ukuta, Mama."

Mtawa Khema aliacha kufuta kidogo. Kisha akaendelea.

"Na wewe ulisemaje?"

Katika maisha yake yote Yakubu hakuwahi kuliacha swali la mtu limalizike namna ile, likafika mwisho, likakaa, likamngoja. Maji yalisikika yakidondoka ndani ya chungu.

"Nikusaidie kuyamwaga," akasema mwishowe, akanyoosha mikono kuelekea chungu.

"Nikawamwage wapi?" akasema Mtawa Khema.

Yakubu alirudisha mikono. Alitaka kusema jambo juu ya maabara, kwamba kuna nchi ambako udongo wa picha huchunguzwa, kwamba pengine kitu kinaweza kuokolewa, kwamba ataandika. Alipiga hatua moja kumsogelea.

"Usisogee," akasema Mtawa Khema kwa upole, kama anavyoambiwa mtu aliyekaribia jiko la moto. "Umewakanyaga."

Akatazama chini. Kiatu chake kilikuwa katikati ya wekundu. Akakiinua haraka, akatafuta mahali pasafi, mbele hapakuwapo, pembeni hapakuwapo, na nyuma, alikotokea, nyayo zake zilikuwa zimepangana kutoka mlangoni hadi hapo, kila moja imepiga muhuri juu ya mtu. Mtawa Khema alirudi kwenye kazi yake. Dakta Yakubu Lukindo, Mhifadhi Mkuu wa Mambo ya Kale, akabaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia hewa, hana pa kuuweka wa pili.